Faili Zako, Wakili, Zinafungiwa Njugu

Mpendwa Wakili wangu, uliyeniachia funguo bila maelezo,

Ninayo heshima, pamoja na huzuni ya kiasi, kukutangazia rasmi kwamba njugu za hapa Isiolo zimepanda cheo. Zamani zilikuwa zikifungwa katika karatasi za mitihani ya watoto na magazeti ya juzi. Kuanzia mwezi huu zinafungwa katika hati za kiapo. Zimepigwa muhuri, zimetiwa sahihi, nyingine zina alama ya dole gumba. Mtu akinunua za kutosha anaweza kufungua mahakama ndogo jikoni kwake. Tangazo hili limetolewa na mimi, karani wako niliyekutumikia miaka kumi na tisa, nikiwa na akili zangu timamu na gauni jipya ambalo halinifungi mgongoni.

Najua ungecheka hapo kwa gauni. Ulikuwa na adabu ya kunicheka ukigeukia dirishani, ukidhani sioni mabega yako yakitikisika. Cheka tu. Ukimaliza urudi tukae, kwa maana nina hasira na sijui nizipeleke wapi kwingine.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Mama Sofia, yule muuza njugu wa mkabala na ofisi, ambaye ulikuwa ukimwita shahidi wa kwanza kwa sababu hakuna aliyeingia mlangoni kwako asimwone. Kando yangu alikaa mwanamume mmoja mgeni, dereva wa lori la mbuzi. Alikuwa amemaliza njugu zake, akakunjua ile karatasi na kuanza kuisoma kwa sauti. Ilikuwa ya Kiingereza cha mahakama, naye alikuwa akituletea Kiswahili huku akitafuna.

"Huyu anaapa eti yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu," akasema. "Sasa nani alikuwa amemuuliza?"

Benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka, Wakili. Nilicheka kabla ya kutazama. Kisha nikaitupia jicho ile karatasi na kuona herufi a. Unaikumbuka a ya taipureta yetu, ile inayoruka juu ya mstari kama mbuzi anayeruka ukuta. Kila a kwenye karatasi ile ilikuwa imeruka. Nikajua hiyo ni mikono yangu. Nikajua mwenye kiapo ni nani, na kwamba hupita hapo kila siku akienda kazini. Nikajua pia aya ya saba inasema nini, na yule dereva alikuwa ameshafika aya ya tano.

"Ndugu," nikamwambia, "karatasi hizo zilikuwa store ya dawa ya panya."

Alitema njugu hadi barabarani. Nikaichukua karatasi, nikaikunja, nikaiweka mahali ambapo mwanamume hawezi kufuata. Mama Sofia akanitazama kama mtu aliyemwagiwa mchanga kwenye unga.

"Kawira, unaniharibia kazi. Hizo karatasi ziko safi. Si kama za mitihani, wino yake inashika njugu."

"Ulizitoa wapi?"

"Kwa pipa lenu pale nyuma. Juu imechomeka, lakini ndani ni nzima kabisa. Nikaona ni haramu kuacha zioze na mimi nanunua karatasi kila wiki."

Mama Sofia hakukosa. Hakuiba. Yeye ni mtu wa kuhurumia karatasi nzuri. Aliyekosa ni aliyeziweka ndani ya pipa zikiwa bado zimefungwa, akawasha kiberiti na kuondoka.

Mtu huyo angekutana na wewe, Wakili, angetamani ardhi ipasuke. Wewe ambaye mteja akiingia ulikuwa ukilaza kila faili iliyo mezani kifudifudi, hata kama mteja mwenyewe hajui kusoma. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Hajui kusoma, lakini anajua rangi ya jalada la jirani yake."

Siku niliyokuja kuomba kazi nilikuwa na cheti cha kupiga taipu, viatu vya kuazima na Kiingereza cha kuazima vilevile. Nilitegemea utanipima kasi ya vidole. Badala yake ukaniuliza, "Kawira, kuna mtu kwenu anayekuambia siri?"

Nikasema ndiyo, dada yangu.

"Siri gani?"

Nikafungua mdomo, kwa sababu wewe ni mzee na mimi nimelelewa vizuri. Ukainua kiganja. "Nenda nyumbani. Kesho nitakuuliza tena."

Kesho yake uliuliza tena swali lilelile, kwa upole uleule, na nikakutazama tu kama mtu aliyekatwa ulimi. Ukasukuma funguo za kabati hadi upande wangu wa meza. Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nimewasimulia makarani wa ofisi nyingine na hawaniamini, maana wao walipimwa kwa maneno kwa dakika.

Basi ukanifundisha kazi. Hatukuwa na utepe wa kufungia faili, au tuseme ulikuwepo Nairobi nasi tulikuwa hapa. Nikawa nararua leso zangu zilizochakaa kuwa vitambaa vyembamba. Kitambaa chekundu, kesi imekwisha. Cha kijani, kesi iko hai. Ulisema mpango huo ni rahisi kiasi kwamba hata mimi sitauharibu, nami nikajivunia kana kwamba ni sifa. Wateja walikuwa wakiniuliza faili yao imevaa nini leo.

Karatasi ya asili ya mtu haikulala kwetu bila sababu. Ikiingia, niliiandika kwenye daftari kubwa: jina, nambari, tarehe, rangi ya muhuri, hata kama ina kona iliyokunjika. Ikitoka, mwenyewe alitia sahihi au dole. "Hii si mali yetu," ulikuwa ukisema. "Tumeshikishwa tu, kama mtu anavyoshikishwa mtoto mchanga na mama anayekwenda kuteka maji. Akirudi unampa mtoto wake. Humwambii arudi Alhamisi."

Halafu kulikuwa na salamu. Kila faili ilipotimiza miaka yake ya kutunzwa na kufikia kuchomwa, kabla ya kugusa hata ukurasa, mwenyewe ilibidi apate habari na muda wa kuja kuchukua chake. Aliye na simu nilimpigia. Wa mbali, Kipsing na Oldonyiro, tuliwapelekea neno kupitia watu wa soko la mifugo. Lakini hatukusema faili, hatukusema karatasi, kwa sababu mbebaji angejua kwamba fulani aliwahi kuwa na kesi, na hadi afike atakuwa amemhukumu. Tulisema maneno matatu tu: Wakili anakusalimu sana. Basi. Na watu walielewa. Wiki mbili baadaye ungemwona mzee ameshuka na vumbi lake lote mabegani, anagonga mlango na kusema, "Nimesikia salamu."

Mbona mambo haya hayafanywi tena? Ninauliza kwa sauti, na barua hii nimeiacha wazi makusudi ili na wengine waisome. Nimetembea katika ofisi za mawakili siku hizi, hapa na kwingine, nikipeleka hati na kusubiri sahihi. Nimeona faili ya mirathi ikizuia mlango usigongwe na upepo. Nimeona maboksi ya kesi za ndoa kwenye ujia wa kwenda chooni, ambapo mtu akikosa karatasi ya shughuli yake anajisaidia kwa urahisi. Nimeona wakili akipiga picha wosia wa mteja kwa simu, akautuma kwenye kundi la simu la wanasheria wenzake ili waone mwandiko ulivyo wa kuchekesha. Kundi hilo lina watu mia na zaidi. Nimepanda gari la wakili nikakuta buti limejaa faili, na juu yake kuna gurudumu la akiba na jerikeni ya maziwa inayovuja.

Ukiuliza, unaambiwa kila kitu kiko kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe haina neno la siri, au neno la siri limeandikwa kwenye karatasi ya njano na kubandikwa juu ya kioo chake. Na mteja, ambaye alikaa mbele ya mtu huyo na kumwambia jambo ambalo hajamwambia mkewe, anatembea mjini akidhani limefungiwa kwa chuma.

Na wewe usijifiche nyuma ya mauti, Wakili. Wewe pia nina neno nawe. Uliwaandikia watu wosia mia. Uliwagombeza wazee kwa kuchelewesha. Lakini je, uliandika popote kwamba siku ukiondoka faili zako zishikwe na nani, zifunguliwe na nani, wenye kesi wajulishwe na nani? Nilitafuta kwenye kila droo. Nilipata dawa zako za kifua, tasbihi, na barua niliyokuandikia nikiomba likizo ambayo hukuijibu. Uliniachia shada la funguo kumi na moja, na mbili kati yake hadi leo sijui zinafungua nini.

Ulilazwa Ijumaa. Jumapili alasiri ulizikwa, kwa haraka yenu ile ambayo sisi wa kanisani hutuacha tukiwa bado tunatafuta viatu. Ofisi ikabaki na mimi, meza na makabati manne yaliyojaa maisha ya watu.

Mpwa wako alikuja baadaye kuichukua. Mji humwita Wakili Mdogo, ingawa ni mrefu kuliko wewe. Ana mashine ya kuskani yenye ukubwa wa sahani, na huniita Anti kwa heshima hadi nashindwa kumkasirikia inavyotakiwa. Nilijitahidi. Siku ya pili aliniuliza kwa nini faili zimefungwa na nguo, nikamjibu kwamba zinasikia baridi.

Njugu zilipoanza kusomeka mjini, watu hawakuchelewa kumpata mkosaji. Ni huyo kijana, walisema. Ametoka Nairobi, ameona makaratasi ya wazee, ameona ni takataka. Kwenye mkahawa walisema. Kwa kinyozi walisema. Mzee mmoja alikuja hadi mlangoni, akamwambia usoni kwamba mjomba wake anageuka kaburini. Wakili Mdogo akajibu, "Mzee, tutazitafuta zote," kisha akaingia ndani, akakaa, akatazama ukuta.

Nilikuwa hapo. Nilikuwa nampigia taipu.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu Mama Gumato, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya mimi kukaa chini kuandika.

Unamkumbuka, yule mjane wa Kinna aliyekuwa akikuletea ndizi za shamba lake la mferejini, nawe ukimsalimu kwa Kiborana hadi mimi najiona mgeni ofisini kwangu. Mumewe alimwachia ploti moja hapa mjini na barua moja ya kugawiwa ploti hiyo. Hana kingine cha kumwonyesha mtu kwamba ni yake. Na kwa jinsi ploti za mji huu zinavyogawiwa watu wawili watatu kila moja, mtu asiye na barua ya asili ni mpita njia tu.

Mwezi huu maafisa wa ardhi wanapita mtaa kwa mtaa wakiandikisha, ili hati zitolewe. Kila mtu alete karatasi yake ya asili kabla mwezi haujaisha. Nakala hawaitaki. Mama Gumato alifika Jumanne asubuhi, akaweka ndizi mezani pako kwa mazoea, akanitazama.

"Kawira, karatasi yangu iko?"

Nikamwambia akae kwanza anywe chai.

"Chai nimekunywa. Karatasi iko?"

Nikafungua kabati. Nikafungua la pili. Nilikuwa nafungua ili mgongo wangu uwe upande wake. Nilijua, Wakili. Nilijua tangu nilipoona ile a ikiruka pale kwenye benchi, kwa sababu usiku huo nilishika daftari kubwa, nikafuata majina kwa kidole hadi lake, na upande wa kutoka hapakuwa na dole lake.

"Nitaitafuta," nikasema.

"Ilikuwa kwa mkono yako," akasema, bila ukali. "Mimi naona wewe ukiweka."

Kwa siku tatu nikaitafuta. Nilikwenda kwa Mama Sofia, nikamwambia kila karatasi aliyonayo naitaka. Alikuwa na furushi lote chini ya meza, limekandamizwa na jiwe. Nikambadilishia na magazeti ya mwaka mzima niliyoomba kwa padri. Nikafukua lile pipa hadi mikono ikawa kama ya muuza makaa. Mabaki yote nikayapanga sakafuni ofisini, mimi na Wakili Mdogo tukiwa tumepiga magoti, tukiunganisha ukurasa na ukurasa bila kusoma zaidi ya jina. Huko ndiko nilikoona kwamba ni damu yako. Kila alipogundua karatasi ni ya nani, aliilaza kifudifudi.

Ya Mama Gumato tulipata ukurasa wa pili wa maelezo niliyompigia taipu, na kipande cha jalada. Kipande hicho bado kilikuwa na kitambaa changu chekundu, kimefungwa fundo.

Wakili Mdogo alikishika muda mrefu. Akakiweka juu ya meza, upande wangu.

Nimekusimulia kwa hasira tangu mwanzo, na hasira zenyewe ni za kweli. Ya gari na maziwa ni kweli, ya simu ni kweli. Lakini nimezunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, na sasa inanibidi nilale. Aliyewasha lile pipa ni mimi.

Ilikuwa hivi, bila mapambo.

Wiki ile ya mwisho, kabla hujalazwa, Mama Gumato alileta barua yake ili nakala ithibitishwe. Niliiandika kwenye daftari, nikaitia kwenye faili yake. Leso ya kijani ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na nyekundu tu. Nikafunga nyekundu, nikajiambia ni kwa muda, Jumatatu nitakuja na kitambaa cha kijani kutoka nyumbani nibadilishe. Jumatatu ilipofika ulikuwa tayari umelala ardhini siku moja, na mimi nilikaa kwenye kiti chako nikilia hadi jioni. Kitambaa hakikubadilishwa Jumatatu hiyo wala nyingine yoyote.

Miezi michache iliyopita, Wakili Mdogo alitaka tupunguze makabati. Aliniuliza, "Anti, hizi za vitambaa vyekundu zote zimekwisha?"

Nikasema zote.

"Tusifungue moja moja?"

Nikamwambia faili hizi nazijua kwa majina kama watoto wangu, na yeye alikuja jana.

"Kuna karatasi ya asili ya mtu yeyote ndani?"

Nikasema hakuna. Sikufungua hata moja, Wakili. Daftari lilikuwa mkono mmoja kutoka nilipokaa. Alipotaka angalau aziskani kwanza, nikamwambia kimashine chake kitakabwa na pini. Alipouliza kama wenyewe wamejulishwa, nikasema salamu zimekwenda. Salamu hazikuwa zimekwenda. Niliona uvivu. Wewe hukuwepo kunikumbusha, na kwake nilikuwa na haja ya kuonekana mtu asiyekumbushwa.

Asubuhi aliyokwenda mahakamani Meru ndiyo niliyochoma. Unajua tulivyokuwa tukichoma. Ulikuwa ukivaa kanzu yako kuukuu na kusimama na chuma mkononi, ukipiga chafya, tunafungua kila kitambaa, tunalisha moto karatasi nne tano kwa wakati. "Zikifungwa pamoja moto hula kingo tu," ulikuwa ukisema kila mwaka kana kwamba sijawahi kusikia. Kisha tunamwaga maji, tunakoroga majivu hadi yawe uji. Kisha tunaandika kwenye daftari kilichokufa, sote wawili tunatia sahihi.

Mimi nilizitumbukiza zote zikiwa zimefungwa. Nilimwaga mafuta taa. Upepo wa Isiolo unaujua, moshi ukanijia usoni, na wakati huohuo simu ikalia. Alikuwa fundi wa nguo za harusi ya mpwa wangu. Akasema nisipofika sasa hivi kupimwa, nitavaa gauni la kubahatisha. Nikaenda. Nilikaa saa mbili, kwa sababu tulibishana kuhusu ukubwa wa kiuno changu, naye alikuwa na futi na mimi nilikuwa na matumaini. Nikarudi nikakuta juu ni peusi na moshi mdogo unatoka. Nikafunika kifuniko. Nikaandika kwenye daftari: zimechomwa kabisa. Nikatia sahihi. Jioni mpwa wako alitia sahihi chini ya yangu bila kwenda kutazama, kwa sababu niliyeandika ni mimi.

Na kwa siku tisa niliwaacha watu wamseme yeye.

Ijumaa nilimwambia. Alikuwa anafunga laptopu yake.

"Najua, Anti," akasema. "Fundo lile mimi siwezi kulifunga. Nilikuwa nangoja."

"Ungoje nini? Si ungesema?"

"Mjomba aliniambia wewe husemi hata ukiulizwa mara mbili. Nikaona nisikuulize."

Kisha nilikwenda Kinna, kwa miguu yangu na kwa magari mawili, nikamkuta Mama Gumato mferejini. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwenye matope, maana hakunikaribisha kukaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliendelea kuziba maji kwa jembe, akafungulia mstari mwingine, kisha na wa tatu.

"Wewe unajivunia kichwa yako," akasema mwishowe. "Hiyo karatasi ilikuwa imeandikwa nini? Sema."

Nikasema. Nambari ya barua, tarehe, nambari ya ploti, jina la marehemu na kosa moja la herufi kwenye jina hilo, muhuri wa zambarau, kona ya juu kushoto imekunjika. Nilisema yote bila kusita, kisha nikamfungulia daftari kubwa nililobeba kifuani safari nzima, tukalinganisha. Binti yake alisoma. Hapakuwa na tofauti.

"Basi andika hivyo," akasema. "Andika na ile ya kuchoma."

Nimeandika. Wakili Mdogo ametunga kiapo na mimi nimekipiga taipu mwenyewe, na ile a bado inaruka. Kinasema niliipokea barua ya asili, kinasema ilivyokuwa, na aya ya nane inasema niliiteketeza kwa uzembe wangu na kwamba mwanasheria aliyepo hakudanganya bali alidanganywa. Kesho saa tatu nitaapa mbele ya hakimu, kisha tutakwenda sote ofisi ya ardhi pamoja na daftari. Sijui kama watakubali. Wakili Mdogo anasema wanaweza kukataa, na wakikataa atapanda na kesi hiyo hadi mwisho. Mimi nitakuwa pale nikiulizwa, hata mara moja tu.

Salamu za wengine waliokuwa ndani ya pipa nimeanza kuzipeleka. Safari hii zinabeba neno zaidi: njoo, nataka kukuomba msamaha.

Leo mchana Mama Gumato alikuja kuona kiapo. Alitaka asomewe mara mbili, na aya ya nane mara tatu. Nikamwambia nakala yake nitamtilia kwenye faili, kwenye kabati, kwa ufunguo.

"Lete," akasema.

Akaikunja, akafungua pindo la leso yake, akaifunga humo fundo mbili.

"Hii sitaacha kwa ofisi."

Leso yenyewe ilikuwa ya kijani, Wakili. Sikumwomba hata kipande.

Lala salama, na ukipata nafasi uniombee kwa lugha yako.

Karani wako,
niliyepewa funguo kwa kunyamaza, nami nikanyamaza mahali pasipofaa.